Mtihani wa Kunywa Maji

Nchi ninayoisimulia haiko kwenye ramani uliyonayo, kwa hiyo usijisumbue kuitafuta, na ukidhani unaitambua, hayo ni yako na nafsi yako. Sisi tulioishi huko tuliipenda. Ilikuwa na wimbo wa taifa mrefu, viongozi wenye afya njema, na sheria kwa kila jambo, yakiwemo maigizo.

Sheria ya maigizo ilikuja hivi. Katika mahafali ya sekondari moja, kijana wa kidato cha tatu aliigiza Mkuu wa Wilaya, na aliigiza vizuri mno. Alipotoka nje kupunga upepo, dereva wa Mkuu wa Wilaya alimfungulia mlango wa gari, askari wakampigia saluti, na msafara ukaondoka naye kwa ving'ora. Mkuu wa Wilaya halisi alibaki pale shuleni akieleza kwamba yeye ndiye yeye, na watu wakampa pole na bakuli la uji. Kijana alikaa ofisini hadi Ijumaa. Katika siku hizo barabara ya hospitali ilizibwa mashimo, watumishi walifika kazini asubuhi, na karani mmoja alionekana akimhudumia bibi kizee huku akitabasamu. Ilikuwa aibu kubwa kwa Serikali, ikabidi iundwe tume.

Tume ilikaa, ikala, ikatoa hitimisho: maigizo yanayoaminika ni kughushi. Bunge likapitisha sheria kwamba kuanzia siku ile kila mwigizaji aonekane wazi, hata kwa mtu aliye mbali, kuwa anaigiza. Na ili raia wote waigize kwa ubovu wa kiwango kimoja, somo la Maigizo likafanywa la lazima. Aliyefeli Maigizo hakupata cheti, hata kama Hisabati na Kemia alizimaliza zote. Kwa kubana matumizi, somo liliwekwa chini ya Wizara ya Maji, ambayo sasa iliitwa Wizara ya Maji na Maigizo. Wapo wakorofi waliouliza vitu hivyo viwili vinahusiana vipi. Walijibiwa kwamba wizara ile ilikuwa na uzoefu wa muda mrefu.

Mimi, Mzeru, nilikuwa mwalimu wa Kilimo. Siku moja mkuu wetu wa shule, Mama Kiondo, aliniita ofisini akaniambia kwamba nitafundisha Maigizo, kwa kuwa sauti yangu inafika hadi jikoni. Nilishukuru. Ukiteuliwa katika nchi ile, unashukuru kwanza, kisha unauliza umeteuliwa kufanya nini.

*

Sisemi kwa kujisifu, lakini darasa langu lilikuwa la mfano. Wanafunzi walikaa kimya, mikono juu ya dawati, wakajifunza Maigizo kama inavyotakiwa.

"Kicheko ni nini?" nauliza.

"Kicheko ni mtoko wa sauti ya ha, unaorudiwa, wenye lengo la kuonyesha furaha iliyoidhinishwa!" wanaitikia wote.

"Toeni mfano."

"Ha! Ha! Pumzika. Ha!"

Mavazi ya maigizo tulikuwa nayo, kabati zima, ila ufunguo ulikuwa kwa Afisa Elimu, kwa hiyo niliyachora ubaoni. Kanuni za jukwaani tuliziimba kila asubuhi. Mwigizaji ahakikishe uso wake unawaelekea watazamaji muda wote, hata kama anazungumza na mkewe aliye nyuma yake. Anayekufa atangaze kwanza, "Sasa ninakufa," aanguke polepole, kisha akiisha kufa ainue kidole kidogo cha mkono wa kushoto ili kuwatoa watu wasiwasi. Hicho kiliitwa kidole cha maigizo. Asiyekiinua alikatwa alama.

Wanafunzi wangu walikuwa wabovu kwelikweli, na wastani wa shule ulipanda. Aliyenitia doa alikuwa mmoja, jina lake Zawena.

Nilimgundua kwenye zoezi la Mgonjwa wa Tumbo. Wenzake walikuja mbele mmoja mmoja, wakapiga kelele, "Oo! Tumbo langu!", wakainua kidole, wakapata alama zao. Zawena alikuja, hakusema kitu. Alivuta kiti taratibu, akakaa ukingoni, mkono mmoja akaushikiza kwenye egemeo, akatutazama akitabasamu kidogo kama mtu asiyetaka kuwasumbua wenzake. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Kiranja akatoka mbio kumwita matroni. Mimi nikatoka mbio kuomba gari la mkuu wa shule, na tulikuwa tumeshambeba hadi karibu na geti aliposema, "Mwalimu, lilikuwa zoezi."

Nilimpa sifuri palepale karibu na geti.

"Zawena, unataka nifungwe?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi kwa nini huinui kidole?"

"Tumbo likiniuma namna ile, mwalimu, kidole nakisahau."

"Lakini lilikuwa halikuumi!"

"Najua, mwalimu. Ndiyo maana inabidi nijitahidi."

Utamfanya nini mtoto wa namna hiyo? Nilimsimamisha kwenye kona, akasimama pale akiwa ameaibika hivi kwamba darasa zima likaanza kumwonea huruma na kunichukia mimi, na sikujua kama anaigiza au la.

Zawena alilelewa na shangazi yake, Bi Nunu, aliyekaanga mihogo nje ya geti letu. Jioni ile Bi Nunu alinifungia mihogo kwenye gazeti, lakini hakuiachia.

"Mwalimu, huyu mtoto anataka kwenda kusomea ukunga," alisema. "Wewe unajua hali ya hapa. Hatuna mkunga. Mwanamke akishikwa na uchungu anapakiwa kwenye baiskeli avushwe mto, na wengine wanazalia mtoni humohumo. Mama yake Zawena hakufika ng'ambo. Sasa chuo kinataka cheti, na cheti kinataka hicho kidole chenu. Mfundishe, nakuomba."

"Najitahidi, Bi Nunu."

"Jitahidi zaidi. Kula mihogo yangu unakuweza."

*

Siku ya mtihani wa vitendo alikuja Mtahini Mkuu mwenyewe, Dakta Sefukwe, mtu mwenye suti nzito na moyo mwepesi. Kati ya watahini wote wa nchi ile ndiye aliyeheshimika zaidi, kwani hakuwahi kuguswa na igizo lolote. Alikaa uwanjani chini ya mwavuli, akavua kofia, na kila mtahiniwa akachomoa humo kikaratasi chenye jina la mhusika atakayemwigiza. Wahusika walikuwa wanne tu walioidhinishwa: Mwananchi Anayeshukuru, Mwananchi Anayeshukuru Sana, Mwananchi Asiye na Swali, na Mwananchi Anayekunywa Maji ya Bomba.

Mtihani ulifanyika karibu na bomba la shule. Bomba hilo lilisimikwa na waziri aliyepita, kwa ngoma na kwaya, na lilikuwa zuri, la shaba, lenye koki nyekundu. Halikuwahi kuunganishwa na kitu chochote isipokuwa ardhi.

Kijana mmoja, Mkude, alichomoa huyo wa maji kabla ya Zawena. Alisimama mbele ya bomba akiwa amelipa mgongo, akapaza sauti, "MAJI! NAYAONA MAJI! NINAYANYWA!", kidole juu. Dakta akampa alama za juu, akapiga mwayo. Zawena naye akachomoa, na akapata huyohuyo.

Alikwenda kwenye bomba bila haraka. Akafungua koki, akasubiri. Akatega kiganja, akakiondoa upesi, maana maji ya mwanzo huwa ya moto kwa kulala kwenye bomba juani. Akayaacha yatiririke kidogo. Akajaribu tena kwa ncha za vidole, akaridhika, akakinga viganja vyote viwili, akainama, akanywa. Alikunywa kwa pupa, akapaliwa, akacheka peke yake, akajifuta kidevu kwa mkono. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimfukuza, akainua mguu mmoja akaunawa vumbi taratibu, halafu na wa pili, akautikisa.

Mimi mwenyewe, mwalimu wa Kilimo, nilisogeza kiatu changu ili kisirukiwe na tope.

Dakta Sefukwe alimeza mate. "Dereva," alisema, "lete dumu." Nje ya uzio Bi Nunu alikwisha acha karai la mihogo kwenye moto, anakuja na ndoo, na nyuma yake wanawake wengine, na nyuma yao mzee mmoja amebeba beseni la kuogea. Foleni ilijipanga, ikavunjika, watu wakaanza kugombana nani ametangulia. Dereva wa Dakta, kwa kuwa alikuwa wa Serikali, alipita mbele, akafungua koki. Halikutoka tone.

"Ameyamaliza!" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Huyu binti ameyamaliza maji yote kwa kunawa miguu!"

"Watoto wa siku hizi hawana huruma," alisema mzee wa beseni.

"Tulieni, tulieni," alisema Dakta. "Yamekatika tu. Yatarudi."

Hapo kila mtu alitulia. Katika nchi ile hakuna ushahidi wa maji mkubwa kuliko kukatika kwake, maana yasiyokuwapo yatakatikaje? Watu waliacha ndoo zao kwenye foleni, wakaweka na mawe juu ili zisipeperuke, wakarudi nyumbani wakiwa na matumaini. Dakta aliondoka na kiu yake akiwa na furaha, na saa ya taarifa ya habari redio ya Taifa ilitangaza kwamba shule yetu sasa inapata maji safi na salama. Kesho yake bomba lilifungwa utepe na kuwekewa mgambo, kwa sababu desturi ya nchi ile ilikataza mtu yeyote kugusa bomba lililopata maji kabla Waziri hajalizindua.

*

Matokeo yalipobandikwa, Zawena alisimama mbele ya ubao wa matangazo muda mrefu. Mbele ya jina lake, kwenye Maigizo, paliandikwa: HAKUWAPO.

Kwa msomaji mgeni inabidi nieleze. Aliyepata sifuri aliruhusiwa kurudia mtihani. Aliyeandikiwa kuwa hakuwapo alihesabiwa kuwa amelikimbia taifa siku ya mtihani, na hakuweza kuufanya tena maisha yake yote. Zawena hakulia mbele yetu. Alikwenda getini akashika mwiko wa shangazi yake, akaanza kugeuza mihogo. Nilimwona akiigeuza, nikajua kwamba ataigeuza hadi azeeke, na roho iliniuma sana.

Nilivaa koti langu nikaenda makao makuu kumwona Dakta.

"Mzee, yule binti alikuwapo. Ulimwona kwa macho yako."

"Nilimwona, mwalimu. Alikunywa maji."

"Aliigiza."

"Hakuigiza, bwana. Mimi nimetahini maigizo tangu hujaoa, nikiona igizo nalijua. Yule alikuwa anakunywa maji. Kunywa maji si mtihani. Sasa mtu aliyetumia muda wa mtihani kunywa maji utasema alikuwapo?"

"Lakini mzee, hapakuwa na maji."

Dakta alifunga mlango. "Mwalimu Mzeru, unasema redio ya Taifa imesema uongo?"

"Hapana, mzee."

"Unasema dumu langu nililitoa kwenye gari kama mpumbavu?"

"La hasha, mzee. Nasema tu kwamba kama aliigiza na sisi tukamwamini, basi ameghushi, na kisheria anastahili sifuri. Ninakuomba umpe sifuri yake."

Alinitazama kwa masikitiko. "Ningempa," alisema. "Mimi si mchoyo. Lakini sifuri ni alama ya aliyeigiza. Nikimpa, maji nitayaweka wapi?"

Nilirudi nyumbani bila sifuri, na Bi Nunu hakuniuzia mihogo kwa wiki kadhaa.

*

Waziri wa Maji na Maigizo, Mheshimiwa Ngwembe, alikuja kuzindua bomba akiwa na msafara ulioinua vumbi hadi likaingia kwenye maharage ya shule. Kwaya iliimba. Mama Kiondo alisoma risala. Mheshimiwa alihutubia kwa kirefu akasema kwamba maji ni uhai, kwamba uhai ni haki, na kwamba haki ina taratibu zake. Kisha akakata utepe, akashika glasi, akafungua koki.

Bomba lilitoa pumzi ndefu, kama mtu aliyechoka, likanyamaza.

Wanakwaya walitazamana. Mpambe wa Waziri, kijana mwepesi wa akili, aliinama akamnong'oneza Mama Kiondo, na Mama Kiondo akapaza sauti: "Zawena yuko wapi? Zawena, mwanangu, njoo umwonyeshe Mheshimiwa ulivyokunywa!"

Zawena alitoka getini, amevaa kanga ya kazi, mafuta ya mihogo mikononi. Alipiga goti.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, binti. Hebu kunywa maji, wananchi waone."

"Samahani, Mheshimiwa. Siwezi."

"Kwa nini?"

"Si mimi niliyekunywa. Mimi siku ile sikuwapo. Matokeo yamebandikwa pale ukutani, yana muhuri wa wizara yako."

Watu wote waligeuka kutazama ubao. Mheshimiwa aliutazama pia. Muhuri ulikuwa wake, na hakuna waziri atakayeukana muhuri wake mbele ya kwaya. Basi hakuwa na njia. Aliwageukia wananchi kifua mbele, bomba akalipa mgongo, akainua ile glasi tupu hadi mdomoni, akaiinamisha, akapaza sauti: "AAAH! MAJI HAYA NI MATAMU! NINAYANYWA!"

Lilikuwa jambo bovu kuliko yote niliyowahi kuyaona, nami nimefundisha Maigizo. Na hapo Dakta Sefukwe, aliyekuwa amekaa jukwaa kuu, akazidiwa na taaluma yake. Akaruka kwenye kiti machozi yakimlengalenga.

"Tisini na nane!" alipiga kelele. "Tisini na nane, Mheshimiwa! Bora kabisa!"

Tulipiga makofi. Makofi yaliendelea kidogo, kisha yakaanza kupungua upande mmoja, uwanja mzima ukipata fahamu polepole, maana mtu hapewi alama ila kwa kitu alichoigiza. Bi Nunu alitazama ndoo yake kwenye foleni, ikiwa bado na jiwe juu. Mpambe alifumba macho. Mheshimiwa pekee ndiye asiyekuwa na habari na hayo.

"Mbili zimekwenda wapi?" alimuuliza Dakta.

"Kidole, Mheshimiwa. Ulisahau kidole."

"Nakata rufaa," alisema Mheshimiwa.

Alikata rufaa kweli, na Baraza la Mitihani likaketi. Ili kumwongezea alama mbili ilibidi kwanza likiri kwamba aliigiza, na ili aigize kunywa ilibidi maji yasiwepo, na kama hayakuwepo siku ya uzinduzi basi hayakuwepo hata siku ya mtihani. Mheshimiwa alipata mia yake na kuitundika ofisini. Na Zawena, kwa matokeo ya marekebisho yaliyotoka siku hiyohiyo, alithibitishwa kuwa alikuwapo, aliigiza, aliaminika, na kwa hiyo amepata sifuri.

Bi Nunu alipiga vigelegele hadi shule nzima ikatoka madarasani. "Mtoto wangu amepata sifuri!" aliimba, akigawa mihogo bure kwa kila mpita njia. "Jamani, sifuri!" Na mimi nilikumbatiwa, nikachafuka shati, nikafurahi.

*

Mtihani wa kurudia uliwekwa kabla ya mvua. Nilimwambia Zawena: hapa sasa umefika kwangu, kwa ubovu hakuna anayeniweza. Kila alasiri, wenzake wakienda kuchota maji kisimani, nilibaki naye darasani nikamwigizia Mwananchi Anayeshukuru. Mwanzoni hakuweza. Nikimwambia ashukuru, alishukuru hadi nikawa naona haya, kana kwamba kweli nilimpa kitu. Siku moja akakaa chini.

"Mwalimu, wewe fanya. Mimi nitazame tu."

Nilifanya. Akaniomba nirudie, nikarudia. Siku nyingi zikapita hivyo, mimi nashukuru, yeye ananitazama, amekunja mikono, hasemi neno. Niliona kwamba mambo yameharibika. Nilikwenda kwenye mtihani nikiwa sijalala.

Dakta Sefukwe alikuwa chini ya mwavuli wake, amekaa mbali kidogo na bomba. Zawena alichomoa Mwananchi Anayeshukuru. Akaja mbele, akapandisha sketi kiunoni kama anapandisha suruali iliyolegea. Akakohoa, kikohozi kikavu kisicho na haja. Akapanua miguu, akainua kidole, akatoa sauti inayofika hadi jikoni: "NASHUKURU! NASHUKURU TENA! NDUGU WANANCHI, MNANIONA JINSI NINAVYOSHUKURU!" Na mwisho wa kila sentensi alimtupia jicho Mama Kiondo, kuona kama ameridhika.

Nilikuwa nimeduwaa. Suruali ile ilikuwa yangu. Kikohozi kilikuwa changu, na lile jicho la woga kwa mkuu wa shule lilikuwa langu pia, nami sikuwa najua kama ninalo.

Dakta alimpa mia. Alinishika mkono kwa nguvu. "Umemnyoosha, mwalimu! Nimemwangalia toka mwanzo hadi mwisho: kipaji hana hata chembe."

Kisheria nilipaswa kumripoti Zawena palepale, maana Mtahini Mkuu alikuwa ameamini kila kitu. Nilisema, "Asante, mzee."

Zawena alinikuta nyuma ya jiko, nimejibanza kwenye kuni.

"Mwalimu, unalia? Nilikuwa mbovu?"

"Mbovu sana, mwanangu," nilimwambia. "Mbovu kama mimi."